Nesi wa Kuhesabu Pumzi kwa Kuibia

Mkalimani alishuka kwenye basi akitanguliza mguu mzima, ule mwingine akauvuta nyuma kama mzigo wa mtu. Mji ule hakuupanga. Tiketi yake ilimtaka abaki kitini mpaka mwisho wa safari, lakini mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi kiatu kimegoma, na homa ilishamfikisha mahali pa kumjibu jirani yake wa kiti kwa lugha ambayo jirani hajawahi kuisikia. Kondakta alimtazama mara moja tu.

"Ndugu yangu, wewe leo huendi popote. Hospitali ile pale, nyuma ya tangi la maji. Begi lako hili hapa."

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo cha kuonea aibu. Siku chache nyuma, katika basi jingine, chuma cha ngazi kilimkwaruza juu ya kifundo cha mguu. Akafunga leso, akaendelea. Ndivyo alivyoishi: kiguu na njia, leo hapa kesho kule, akitafsiri maneno ya watu wengine kwenye mikutano yao, akilala na viatu karibu na kitanda. Vidonda vyake vyote alikuwa amevizoeza kupona vyenyewe njiani. Hiki kikakataa.

Wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu, ukuta umepakwa kijani mpaka usawa wa kifua na nyeupe juu yake. Hospitali nyingi alizowahi kulala ziko hivyo, kana kwamba dunia nzima ilimpa kazi fundi rangi mmoja. Kigeni kilikuwa kitu kingine. Kila aliyevaa sare au koti jeupe alipokaribia kitanda, mgonjwa alimkazia macho na kumtupia neno moja:

"Mikono?"

Na mwenye koti, badala ya kukasirika, aliinua viganja vyake vilivyolowa, au aligeuka kimyakimya kurudi kwenye sinki.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori mwenye paja lililofungwa vyuma. Sauti yake ilizoea kushindana na injini, na wodini haikupata mpinzani. "Mikono!" alimfokea hata mfagiaji aliyekuja kuokota ganda la chungwa.

"Mimi sikugusi wewe, nagusa ganda," mfagiaji akasema.

"Ganda langu!"

Mkalimani akadhani homa inamchezea. Ndipo akaja nesi mwenyewe, mama wa makamo, mfupi, kucha zimekatwa hadi nyamani, vidole havina pete wala mkono hauna saa. Saa yake ilining'inia kifuani kwa pini, kichwa chini miguu juu, ili yeye aisome akiinama. Alinawa mbele ya macho ya mgonjwa wake, bila haraka: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kila kidole gumba peke yake kama anayekaza skrubu. Alisukuma mpini wa bomba kwa kiwiko, akajikausha, akaja.

"Kaka, wameniambia wewe ni mkalimani. Lugha ngapi?"

"Sita. Ya saba nababaisha."

"Basi ongeza neno moja la humu. Mtu akija kukugusa, awe mimi, awe daktari, awe mkuu wa hospitali na tai yake, muulize: mikono? Asipokuonyesha, ficha mguu wako chini ya shuka."

"Na akikasirika?"

"Akasirike akinawa."

Dereva akacheka hadi vyuma vikamuuma.

Kidonda chake aliposafishiwa mara ya kwanza, mkalimani alijiandaa kwa maumivu. Alipata pia kitu cha kutazama. Nesi alifungua kifurushi cha vifaa kwa ncha za vidole, akavaa glavu, akachukua pamba, akapangusa mara moja tu, kutoka palipo safi kuelekea palipo pachafu, akaitupa. Pamba nyingine, mpanguso mwingine, pipani. Hakurudi nyuma hata mara moja. Mkalimani, ambaye kazi yake ni kutazama mikono na midomo ya watu wanapojitahidi kueleweka, aliona kwamba mikono hii haikuwa na neno la ziada.

"Umejifunza wapi utulivu huu?" aliuliza, meno yameumana.

"Kwa dobi."

Akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kabla ya kuwa nesi alifua shuka za hospitali hii hii, kwenye jengo la nyuma lenye mvuke. Huko, alisema, shuka humwambia mtu habari ambazo wenye wodi hawazijui. Kuna wodi shuka zake zilirudi na usaha mwingi kila wiki, na wodi nyingine, wagonjwa wa aina ile ile, vidonda vile vile, shuka zake zilirudi nyeupe. Yule binti wa dobi akajiuliza kuna tofauti gani. Siku moja akapanda ngazi kwa kisingizio cha kupeleka foronya, akasimama mlangoni kuangalia. Wodi moja ilikuwa na sabuni kwenye sinki. Nyingine ilikuwa na sinki tu.

"Hapo nikatamani kazi ya juu," alisema, akibandika plasta. "Nilikuwa na watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Mama mkwe akasema, mwanamke gani anaenda shule na maziwa yanamvuja? Alilalamika kila asubuhi. Na kila asubuhi alikuwa ameshanipashia maji ya kuoga kabla sijaamka. Yule mama, kaka, mdomo wake na mikono yake ni watu wawili tofauti. Mpaka leo nikirudi jioni ananipaka mafuta ya nazi mikononi, maana sabuni imeikausha kama ya mchanganya saruji, na huku anapaka huku ananisema."

"Na mume?"

"Fundi bomba. Unaliona lile bomba?" Akaelekeza kidevu kwenye sinki, kwenye ule mpini mrefu uliochomelewa kienyeji. "Zamani lilikuwa la kuzungusha. Unanawa, halafu unafunga kwa mikono ile ile, uchafu uliouacha pale unauchukua tena. Nikamwambia mume wangu. Akaja Jumapili na mashine ya kuchomelea, akanitengenezea la kusukuma kwa kiwiko. Wenzangu wanaletewa mikufu. Mimi nililetewa bomba."

"Na anaringa nalo huyo!" dereva akadakia. "Kila mgonjwa mpya lazima asimuliwe bomba."

"Wewe nyamaza, au nikupime joto kwa njia ile nyingine."

Dereva akavuta shuka hadi kidevuni.

Sasa, mkalimani hakuwa na nafasi ya kuugua. Jumamosi ile mdogo wake wa kike alikuwa anaolewa. Baba yao alishafariki, na msiba wenyewe mkalimani aliusikia kwa simu, akiwa amekwama uwanja wa ndege katika nchi ya tatu. Hakumzika baba. Hakuwepo mama alipopasuliwa jicho, hakuwepo mtoto wa kaka yake alipozaliwa. Zawadi alituma, sauti alituma, mwenyewe hakufika. Safari hii aliapa. Yeye ndiye angesimama mahali pa baba, aseme maneno machache, amkabidhi mdogo wake. Kila alipoamka pale kitandani aliuliza ni siku gani leo, kama mtu mwenye kesi mahakamani.

Na mambo yalionekana kumwendea vizuri. Dripu ilifanya kazi yake, homa ikashuka, kidonda kikaanza kuwa na wekundu safi badala ya ule wa kutisha. Uvimbe wa mguu ndio uliosita, lakini nani angelalamikia uvimbe? Daktari, kijana mpole asiyekula maneno, akasema kama hali itaendelea hivi, Alhamisi asubuhi ataandikiwa ruhusa. Basi la Alhamisi mchana lingemfikisha Ijumaa usiku. Hesabu ilikubali.

Alhamisi hiyo alipotoka msalani, kwenye korido fupi tu, kichomi kikampiga chini ya mbavu. Akasimama, akashika ukuta. Pumzi ikawa fupi kama ya mtu aliyepanda ghorofa. Akasubiri, akatembea polepole hadi kitandani, akajipangusa jasho.

"Vipi, Mkalimani?" dereva akauliza.

"Salama. Nimechoka kulala tu."

"Basi jitulize kabla yule mama hajafika na saa yake. Nikupe siri ya humu ndani. Anakushika mkono, unadhani anahesabu mapigo ya moyo, sivyo? Mapigo anayamaliza mapema. Halafu anabaki amekushika vile vile, haachii, kumbe macho yako kwenye kifua chako. Anahesabu pumzi kwa kuibia. Maana mtu akijua anahesabiwa pumzi, anaanza kupumua kama anapigwa picha."

Dereva alisema hivyo kwa kujivunia ujuzi wa mwenyeji. Hakujua anampa nani silaha gani.

Nesi alipofika, akanawa, akaweka kipimajoto kwapani, akashika kifundo cha mkono. Mkalimani akatazama dari. Alikuwa mtu wa kutumia pumzi kazini. Kutafsiri kwa saa nzima bila kukata kunataka kifua chenye adabu. Akajipimia: ndani polepole, kaa, nje polepole. Ubavu ulichoma kama sindano ya gunia. Uso wake haukusema kitu. Nesi alikaa ameshika mkono muda mrefu kuliko kawaida, akaandika kwenye chati, akakunja uso kidogo, akaitwa kitanda cha mwisho ambako mzee alikuwa anachomoa dripu yake mwenyewe.

Daktari alipita, dereva akambwatukia "Mikono!", akaonyesha. Akasoma chati: joto zuri, pumzi nzuri, kidonda kizuri. Mapigo yamepanda kidogo. "Una wasiwasi wa safari," akasema akitabasamu, akaandika ruhusa.

Mkalimani akavaa shati. Kufunga vifungo kulimchukua muda, alipumzika katikati kana kwamba anafunga mizigo. Begi likawa miguuni. Nesi akarudi na bandeji za njiani na maelezo: kidonda kisilowe, abadilishe bandeji kila siku, anawe kabla na baada, na basini ainuke mara kwa mara auchezeshe mguu.

"Nipe mkono nikuage," alisema.

Akampa. Nesi hakuutikisa. Vidole vyake viwili vilishuka mahali pake pa siku zote. Mkalimani akaanza tena ile michezo ya dari.

"Kaka," nesi akasema taratibu, "mapigo yako yanakimbia, na pumzi yako inatembea kama bwana harusi. Hawa wawili huwa wanakwenda pamoja. Mmoja wao ananidanganya."

"Ni furaha tu, dada. Naenda harusini."

"Najua. Dereva ameshatutangazia wodi nzima. Utasema nini siku hiyo?"

"Maneno machache."

"Hebu nisemee. Mimi ndiye mdogo wako, nimesimama hapa na shela langu." Akajiweka sawa kweli, akaunganisha mikono mbele ya sare. Vitanda vya karibu vikageuka kusikiliza.

Maneno hayo mkalimani aliyajua kwa moyo, alikuwa ameyabeba njia nzima. Akafungua kinywa.

"Mdogo wangu, leo nimesimama..." Akavuta pumzi. "Mahali ambapo baba..." Akavuta tena. "Angesimama. Sikuwa..." Hapo sauti ikakatika, na ubavu ukamkunja mpaka akashika chuma cha kitanda.

Hakuna aliyecheka. Mtu aliyeishi kwa kusema, aliyewahi kuwasemea mawaziri na wafanyabiashara bila kumeza mate, alishindwa kumaliza sentensi moja ya nyumbani kwake.

"Toka lini?" nesi akauliza. Sauti yake haikupanda.

"Asubuhi."

"Na kichomi?"

Akaitikia kwa kichwa.

Mambo yakaenda haraka, lakini bila kelele. Nesi alimkalisha wima kwa mito, akamwita daktari kwa jina la cheo chake mara moja tu, kwa namna iliyomfanya aje akikimbia, kisha akatoa futi ya kitambaa mfukoni, kama ile ya fundi cherehani, akapima unene wa mashavu ya miguu yote miwili. Wa kushoto ulizidi, tena juu sana ya kidonda. Daktari alifika, akaitazama futi, akamtazama nesi, wakaelewana. Barakoa ya hewa ikafika, dripu ikarudi mkononi, sindano ya kuzuia damu isigande ikaingia tumboni. Baadaye, walipomrudisha kutoka kupigwa picha ya kifua, daktari alivuta kiti akamweleza: damu iliganda ndani ya mguu kwa kukaa na kuvimba, kipande kikameguka, kikapanda mpaka kwenye pafu. Kama angekaa kwenye basi usiku kucha, magoti yamekunjwa, pengine kipande kikubwa zaidi kingefuata.

"Hata damu yako ni kiguu na njia," dereva akasema. Alitaka iwe mzaha, sauti ikamgeuka. Akamwita nesi. "Sista, njoo. Mimi ndiye niliyemfundisha. Ile ya pumzi. Nilimwambia unaibia."

"Najua ni wewe. Nani mwingine ana mdomo huo?"

"Angekufa, mimi chakula kingenipitaje?"

"Ungekula chakula chako cha mchana kama kawaida. Lakini hakufa. Sasa kazi yako ni moja: ukimwona anashindwa kumaliza sentensi, piga kelele. Ndiyo sababu Mungu alikupa koo hilo."

Dereva aliichukua kazi hiyo kama cheo. Kuanzia hapo mkalimani hakuweza kunyamaza dakika mbili bila kuulizwa kitu kirefu cha kujibu.

Simu ya nyumbani ndiyo iliyokuwa ngumu. Alimwomba nesi aishike ikiwa kwenye spika, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na dripu na mwingine ulishika barakoa pembeni ili aseme. Mdogo wake akasikiliza yote: basi, kidonda, pumzi za dari. Mkalimani akangoja lawama, aliona anazistahili.

"Yaani kaka," mdogo wake akasema, anacheka na kulia, "umejifunza kupumua uongo ili uje kwangu? Siku zote unakosa kuja kwa sababu ya watu wengine. Leo umekosa ukiwa umetaka kuja hadi nusura ufe. Hiyo nimeipokea. Mjomba atasimama. Wewe kaa hapo. Nataka kaka, sitaki picha ya kaka ukutani." Kisha akasema, "Nani ameshika simu?"

"Nesi," nesi akajibu.

"Dada, asante. Asante sana. Yeye mkaidi huyo, umfunge kamba ikibidi."

"Tunatumia shuka," nesi akasema. "Nilizifua miaka, nazijua nguvu zake."

Ijumaa, zamu ya asubuhi ilipokwisha, nesi alipita kuaga. Likizo yake ilikuwa imeanza. Binti yake, yule aliyenyonya enzi za shule, alikuwa amejifungua mbali na nyumbani, naye anakwenda kumshika mjukuu wa kwanza. Alikuwa amevua sare. Katika gauni la kawaida na mkoba begani alionekana mdogo zaidi, kama jirani yeyote anayesubiriwa na mtu nje.

"Mama mkwe ameshatangulia stendi," alisema. "Ameapa hampi mtoto mtu asiyeosha mikono. Maskini baba wa mtoto, hajui kinachomjia."

Mkalimani akaivuta barakoa pembeni. Alikuwa ametafuta neno tangu asubuhi. Katika lugha moja shukrani ni deni, katika nyingine ni baraka, na kuna moja inayosema tu kwamba mtu ameonekana. Alikuwa akichagua kati ya hizo, na kifua hakikumpa nafasi ya kuchagua. "Dada..." alianza.

"Rudisha barakoa. Utaniambia ukiwa na pumzi ya sentensi nzima."

"Hutakuwepo."

"Basi mwambie atakayekuwepo. Yuko anayekuja zamu ya jioni, mzuri kuliko mimi, ila ana aibu. Ukimuuliza mikono, muulize kwa upole." Akaingiza shuka vizuri chini ya godoro upande wa miguu, akauangalia ule mguu wa kushoto mara ya mwisho, kwa macho tu, kwa sababu alikuwa hajanawa. "Dereva, nakuachia huyu. Akigusa begi, uipige honi."

"Amri, mkuu."

Akaondoka. Wagonjwa wa upande ule wakamwitia kheri ya mjukuu kitanda kwa kitanda, naye akawajibu mmoja mmoja bila kusimama, mpaka mlango ukajifunga. Dirishani mkalimani alimwona akitokeza uani, akivuka kwenye jua, mkoba ukimpiga nyonga, akitembea upesi kama mwenye basi la kuwahi. Langoni aligeuka kumwambia mlinzi kitu, mlinzi akacheka akiinama.

Maisha yake yote mkalimani ndiye huondoka, na wengine ndio hubaki wakipunga. Akainua mkono usiokuwa na dripu, akapunga. Nesi hakuona, alishageuka upande wa stendi. Mkalimani akaendelea kupunga hivyo hivyo kwa muda, kisha akaurudisha mkono juu ya shuka, akakaa.